Mwezi Alioutangaza Mzee Ussi

Ussi wa Bwejuu alikuwa na kazi mbili, zote za macho. Baharini alisimama omoni, mbele kabisa ya mashua, wenzake wakatupa nyavu pale alipoonyesha kidole. Na kila jioni ya Ramadhani ishirini na tisa alisimama pwani akauona mwezi kabla ya watu wote. Kwa ajili yake Bwejuu walikula Idi bila kungoja habari za Chole, penye boma la Mdachi, ambako waliamini hata mwezi hautoki bila ruhusa.

Ila macho ya Ussi yalitangulia kuzeeka, mwenyewe akabaki nyuma. Mkewe Mize alilijua hilo tangu siku mumewe alipomwamkia mbuzi wa jirani, tena kwa heshima.

"Mwaka huu sema unaumwa," Mize akamshauri.

"Nikiumwa watamsimamisha Muhidini. Na asiyeuona mwezi, nani atamwacha omoni?"

Muhidini alikuwa mpwa wake, mwenye macho mazima na subira haba.

Jioni ikafika. Mchele umeshachaguliwa, watoto wameshaogeshwa. Ussi akakodoa macho. Hakuona kitu, lakini hakuona kwa uthabiti.

"Ule pale."

Mwalimu Kombo, imamu wao, akatazama sana. "Pembe zake zimekaaje, Mzee Ussi?"

"Zimekaa kama pembe."

Mwalimu akataka shahidi wa pili, akamgeukia Muhidini. Muhidini hakuona ila wingu. Lakini kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba macho ya mzee yamemshinda?

"Nami nauona," akasema. "Mwembamba."

Hapo wakauona wengi. Bibi Somoe akaona na nyota kando yake.

Kesho yake wakala Idi. Jioni ile mwezi ukatoka kweli, mwembamba kama uzi, mwezi wa siku moja usio na shaka. Watu wakautazama, wakahesabu siku kwa vidole.

"Mwaka huu umekonda," Mwalimu akasema.

"Umekonda kiasi gani?" akauliza Ussi, ambaye hata huo hakuuona.

Muhidini akatazama miguu yake.

Siku ya tatu, ambayo haikuwa Idi kwa hesabu yoyote, Ussi alizunguka kuwajulia hali jamaa. Bibi Somoe hakula, tumbo. Mwalimu hana hamu. Muhidini akaukataa muhogo mchana kweupe, akashika shavu.

"Jino, mjomba."

"Kijiji kizima kinaugua," Ussi akasema, akaketi kizingitini. Midomo yake nayo ilikuwa mikavu. "Wanafunga. Wanailipa siku yangu."

"Yetu, mjomba."

Ussi akamgeukia. "Kesho usimame wewe omoni."

"Na macho yako?"

"Yapo. Yanapumzika."

Muhidini akakubali. Na kwa kuwa shahidi wa pili hana ubavu wa kumcheka wa kwanza, habari ile haikuvuka maji kwenda Chole.