Kaburi la Ng'ombe Heru Juu

Mtaani kwetu Kasulu tulimwita Faudhia mke wa tumbusi, na jina hilo nililianzisha mimi. Nashona nguo mlango wa pili kutoka duka lake la dawa za mifugo, na mdomo wangu haujui likizo. Alitoka semina akaondoa rafuni chupa zote za diklofenaki, sindano ya kutuliza maumivu ya ng'ombe. Alifundishwa kwamba ng'ombe akidungwa kisha akafa, dawa hubaki nyamani, na tumbusi akila mzoga huo figo huharibika, anakufa. Kuna nyingine isiyomdhuru ndege. Hiyo ndiyo aliyouza. Waliomng'ang'aniza aliwaambia, "Sikuuzii hata ukilia."

Alhamisi asubuhi akaja Mzee Makarius, mfugaji wa Heru Juu, amenuna, akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama Dawa. Yule ng'ombe aliyeumia mguu alikufa jana."

"Ulimdunga nini?"

"Ile chupa uliyoniuzia kabla ya semina yako. Nimeimaliza."

"Umemzika?"

"Nimzike, kwani alibatizwa? Nimemburuta mtelemkoni, kama alivyofanya baba. Tumbusi watasafisha."

Faudhia akafunga duka, siku ya soko! Akanikabidhi majembe mawili. "Wewe wa mdomo, una pikipiki. Twende." Nilienda kucheka, sifichi.

Tulikuta tumbusi sita mtini na mmoja juu ya mzoga, kichwa kimezama mbavuni. Faudhia akamfukuza kwa mawe. Makarius alifika na bodaboda nyuma yetu, amehamaki.

"Unaniaibisha kwa ajili ya ndege? Sijawahi kuwakosea hao!"

"Hujawakosea, mzee wangu. Ndiyo maana wanakuja kwako bila woga."

"Ukiondoka nitamwacha hapohapo."

"Basi siondoki."

Akavua viatu, akaanza kuchimba. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama tofali. Majirani wakajaa njiani, mmoja akauliza mazishi ni saa ngapi. "Saa kumi," Faudhia akajibu bila kuinua kichwa. "Njooni na majembe."

Nilicheka pamoja nao. Lakini kila tumbusi waliposhuka, aliacha shimo akasimama juu ya ule uvundo na nzi, akawapungia kanga mpaka warudi mtini, kisha akachimba tena. Viganja vikachubuka. Mara ya tano nikaona haya, nikashika jembe la pili. Saa saba hivi Makarius naye akashuka shimoni, akinung'unika kwa Kiha.

Tulifukia jua likiwa bado kali. Makarius akaegemea jembe.

"Na yule aliyekuwa anakula tulipofika?"

Faudhia akaweka jembe chini.

"Yule nimemuua mimi, kwa chupa yangu." Akachukua viatu vyake mkononi. "Majirani zako wangapi wanayo dawa ile?"

"Watatu, labda wanne."

"Nipeleke sasa hivi. Wakikataa kunipa, nitakaa mlangoni."

Akatangulia njia, pekupeku.