Mate ya Mzee kwenye Ekzosi

Mimi ni mwepesi wa hasira, na sijawahi kulificha hilo. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Basi fikiria nilivyojisikia siku ile mzee mwenye ploti alipoiinamia ekzosi, bomba la moshi la pikipiki, niliyokuwa nimetoka kuipaka rangi, rangi ikiwa bado mbichi inang'aa, akaitemea mate.

Lakini nianze na pikipiki yenyewe. Ilikuwa ya mzee huyo, mwenyeji wa Kawangware tangu enzi za mashamba, mtu wa kofia na bakora. Alipokuwa kijana ndiyo iliyombeba bibi harusi wake kutoka kanisani. Sasa mke alikuwa amefariki, pikipiki imelala stoo chini ya magunia, na kitinda mimba wao alikuwa anaolewa. Mzee akaapa kwamba yeye ataongoza msafara wa harusi akiwa juu ya pikipiki ile ile. Kazi ya kuifufua akampa fundi wa injini, jirani yetu wa Kianda. Fundi akaniita mimi upande wa rangi, kwa sababu alikuwa ameona mageti niliyoyapiga spreyi kule Ayany. Miaka hiyo ya tisini, mwanamke aliyeshika bunduki ya rangi alikuwa kioja, na watu walikuwa wakisimama kunitazama.

Mimi nami nilikuwa na langu jambo. Ploti ya mzee, nyumba zake za kupangisha, ilikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara, na nilikitaka kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nikifanyia kazi nje, kando ya mtaro, na vumbi la Kianda halina adabu; unapaka geti jeusi, unaondoka na geti la kijivu. Nikamwambia mzee wazi kwamba nataka kukipanga, nifungue karakana yangu.

"Kwanza nione hiyo ekzosi," akasema. "Ikibabuka, hiyo chumba napea kinyozi."

Hakunionea. Kupaka tangi la pikipiki si kazi ya kujisifia, lakini ekzosi hupata moto mkali, na rangi ya kawaida juu yake huungua na kubanduka siku ya kwanza tu. Mwana wa mzee aliyekuwa ng'ambo alikuwa ametuma mkebe mmoja wa rangi ya seramiki, rangi iliyochanganywa na unga wa kauri, ambayo haiogopi moto ila inataka kuokwa kwanza ndipo ishike. Hakuna gereji niliyoijua iliyokuwa na tanuri. Nikaenda kwa mama mmoja wa Kawangware aliyekuwa akioka mikate kwenye tanuri la matofali, nikamwomba aniachie joto linalobaki mikate ikishatoka.

"Mkate yangu ikinuka gereji, tutakosana," akasema, lakini akakubali.

Nilifanya kazi ile palepale kwenye ploti ya mzee, kwa wivu wa mtu anayelinda chake. Nilikwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikatoka cheupe. Nikaitia ekzosi tanurini ikiwa tupu ili itoe jasho la mafuta ya miaka yote, kisha nikaisafisha kwa thina. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kwa mkono mtupu, kwa kuwa alama ya kidole tu hutosha kuharibu. Na watu wetu hawajui kuangalia kitu bila kukishika. Wapangaji wa ploti walikuja na vidole vyao, na wote niliwafukuza, hata mchungaji.

Mzee nilimsahau. Nilipomaliza kupaka, ekzosi ikining'inia kwenye waya, alikuja taratibu, akavua kofia, akasema maneno kwa Kikuyu, kisha akatema mate mepesi juu yake, puuu, mara mbili. Nilijua alichofanya. Kwao mzee akikutemea mate amekubariki, na hata kwetu mkoa wa Magharibi wazee wana desturi hiyo. Lakini nilisikia damu ikinipanda kichwani. Fundi akanifinya mkono na kuninong'oneza, "Wacha maneno. Huyo ni mzee."

Tukaoka. Ilipotoka, ubavu mmoja wa ekzosi ulikuwa na vidoa kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mzee aliutazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Fundi akasema tugeuze upande ule uangalie ndani, nani ataona? Nikamwambia nitaona mimi. Nikachukua msasa, na mbele ya mzee mwenyewe nikaanza kuikwangua.

Mzee akashangaa. "Unatoa baraka yangu?"

"Baraka nimeipokea, mzee. Lakini rangi mbichi haijui baraka, inajua maji tu."

Akaniangalia sana. "Kwani huko kwenu hakuna wazee?"

"Wako. Lakini wanabariki ugali ikishaiva."

Fundi alifunika uso kwa kofia yake. Nilijua chumba kinaweza kuondoka na sentensi ile, na rangi iliyobaki mkebeni ilitosha kupaka mara moja tu. Mzee alivuta stuli, akaketi mlangoni, bakora magotini. Nikajua ananisubiri nikosee.

Nilianza upya, nikakwangua yote hadi chuma kitupu. Nilipaka nikiwa nimebana pumzi. Kisha nikagundua kwamba mzee hakuwa ananisubiri mimi. Mpangaji mmoja aliponyoosha kidole, bakora ilimzuia. "Bado haijaiva," mzee akamwambia.

Ilitoka tanurini nyeusi, laini, bila doa. Mama wa mikate aliinusa mikate yake ya siku iliyofuata akaniambia tu kwamba mkono wangu ni mzuri. Fundi akaifunga kwenye pikipiki, akapiga kiki, akaiacha injini ingurume hadi hewa juu ya ekzosi ikaanza kucheza kwa joto. Tulisimama tukaitazama. Haikubabuka wala haikubadilika rangi. Nilijivuna, na sikujizuia kujivuna.

Ilipopoa, mzee akasimama, akavua kofia.

"Sasa naweza?"

"Sasa unaweza, mzee."

Nikasogea kumpisha aifikie ekzosi. Hakwenda huko. Alinishika mikono yote miwili, akaifungua viganja juu, vyeusi kwa rangi, akasema maneno yake, akatema humo mara mbili. Kisha akatoa ufunguo wa chumba cha mbele mfukoni, akauweka juu ya mate.

Nilitembea kutoka Kawangware hadi Kianda nimeifumba mikono. Nyumbani mama alikuwa amepakua ugali na sukuma. Akaja na jagi na beseni, ninawe. Nikayakwepa maji, nikamwambia aniletee kijiko.

"Ugali na kijiko?" akasema. "Umekuwa mzungu leo?"

Nikala kwa kijiko, ufunguo ukiwa mapajani.