Bomba Lililojibu Mapema

Nilisafiri kwa gari moshi kutoka Voi hadi Nakuru, kisha nikapanda lori la viazi mpaka Eldoret, na njia nzima sikuonja pombe hata tone. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia kisa hiki, lazima mtu aniulize nilikuwa nimekunywa nini. Sikunywa kitu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na alama yake iko kwenye viganja vyangu.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, picha ile ile ya rais ikikutazama kutoka ukuta wa kila duka. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha sekondari na miguu isiyotulia. Nikapata kazi katika kiwanda kidogo cha maziwa upande wa Kiplombe, ambako wakulima wa kutoka Moiben walileta mikebe yao asubuhi na mapema. Mpaka leo nikisikia harufu ya maziwa ya moto, moyo hunivuta kule. Lakini sirudi.

Mikebe ilioshwa kwa mvuke. Boila ilikuwa kwenye kibanda cha Mzee Okello, mtu wa kutoka ziwani. Bomba refu lilitoka hapo, likapita nyuma ya ghala, likaishia katika chumba cha kuoshea alikofanya kazi Mama Njoki. Usiku bomba lilipopoa, mvuke uliobaki ndani uligeuka maji. Ukiachilia mvuke mpya juu ya maji hayo, huyarusha kama jiwe. Kwa hiyo kila asubuhi maji yalitolewa kwanza, kupitia koki iliyokuwa mwisho wa bomba, yakaingia kwenye mfereji wa kokoto na chokaa. Yalikuwa makali maji yale, hata saruji yaliila polepole.

Sasa, Okello hakuweza kumwona Mama Njoki kutoka kibandani, basi walikuwa na desturi yao. Mama Njoki alifungua koki, akasimama kando. Okello akagonga bomba kwa spana. Mama Njoki, akiwa salama, akajibu kwa kugonga bomba na mfuniko wa mkebe. Ndipo Okello alipolegeza vali, kidogo kidogo.

"Nyinyi watu wa Voi mnajua joto," Okello alinitania, "lakini mvuke hamjui."

"Achana na yeye," Mama Njoki akadakia. "Huyo huosha spana kuliko anavyojiosha mwenyewe."

Kisha Okello akaitwa nyumbani kwa matanga. Akaniachia boila.

"Ukigonga, ngoja ujibiwe," akaniambia. "Lakini ukijibiwa kabla hujamaliza kugonga, kijana, usifungue."

"Kwani Mama Njoki ana haraka hivyo?"

Hakucheka. "Mama Njoki hana haraka."

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito, huoni hata ghala. Malori yalikuwa yamefika, madereva wanapiga honi. Nikagonga bomba. Niamini, spana ilikuwa bado haijaachana na chuma, jibu likaja. Nikagonga tena. Safari hii jibu lilikuja sambamba na pigo langu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye gurudumu la vali. Wewe ungefanya nini?

Niliweka spana chini, nikalifuata bomba kwa miguu.

Nyuma ya ghala alisimama mtu amenipa mgongo. Alivaa koti refu na gambuti, na kiganja chake kilikuwa juu ya bomba. Nikadhani ni mfanyakazi mgeni.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Fungua," akasema.

"Mama Njoki yuko wapi?"

"Fungua. Maji yamejaa."

Akageuka. Uso wake ulikuwa kama utando wa maziwa yaliyochemka yakapoa: mweupe, umejikunja, na pale pa macho umejifunga kabisa.

Hapo hapo Mama Njoki akapiga kelele kutoka chumba cha kuoshea. "Wee kijana, usifungue! Koki imeziba, nimeitoa, vidole vyangu viko ndani ya bomba!"

"Hukugonga?"

"Nigonge na mkono gani? Na unaongea na nani huko?"

Pale mbele yangu hapakuwa na mtu tena. Lakini bomba lilianza kugongwa, na mlio ule ulikuwa unakimbia ndani yake. Ulikuwa unaelekea kwenye boila.

Nilikimbia nao sambamba. Sijawahi kukimbia vile. Nilipoingia kibandani gurudumu lilikuwa linazunguka lenyewe, na mvuke umeanza kulia. Nikalishika kwa mikono miwili, lilikuwa moto kama kikaango, nikalirudisha huku ngozi ikibaki juu yake. Bomba lilitoa mshindo mmoja, dunia ikatetemeka, kisha nikamsikia Mama Njoki akilia kwa Kikuyu akimtaja Mungu. Alikuwa ametoa vidole wakati ule ule. Kitambaa kilichoziba bomba kilikuwa kimebandikwa ukutani kwa nguvu ya maji.

Okello aliporudi aliiona mikono yangu na bendeji zake, akaketi.

"Alijibu mapema, sivyo?"

"Ni nani yule, Mzee?"

"Alikuwa hapo kabla ya Njoki. Mvuke ulifunguliwa yeye hajajibu." Akavitazama viganja vyake kwa muda mrefu. "Tangu hapo anajibu mapema."

Sikumuuliza nani aliyefungua.

Mama Njoki hakukanyaga chumba kile tena. Mimi nilingoja vidonda vikauke, nikafunga mzigo wangu. Siku niliyoondoka kabisa nilipitia ofisini kurudisha spana. Nikainua mkono nibishe hodi. Kidole hakijagusa mbao, kutoka ndani ikagongwa.

Nikaiacha spana mlangoni, nikaondoka bila kugeuka.

Nimeishi miji mingi tangu siku ile, na kila mlango ninaoubisha nausikiliza kwanza. Nawe fanya hivyo, hata kama mlango ni wa nyumba yako. Anayekujibu baada ya kugonga ni mtu. Anayekujibu kabla, mwache na mlango wake.