Chumba cha Rani

Nichekeni taratibu, maana jeraha bado bichi. Nauza mazulia na magodoro huku Scarborough, Toronto, na mteja akizungumza Kiswahili tu, dukani wote hunigeukia mimi.

Basi akapiga simu mzee Karim wa Unionville, mzaliwa wa Mwanza. "Rani wangu anahamia chumba kipya," akasema. "Nataka sakafu isiyoteleza na kitu cha kulalia kinachonyonya maji. Anakojoa huyo, we acha tu!"

"Pole, mzee. Ana umri gani?"

"Miaka sita. Na mara nyingi analala amesimama."

Nikasikitika. Watoto wa huku, michezo ya video itawamaliza! Alipoanza kutaja mpira mzito wa kutandika sakafuni na maranda, nikajua uzee umemgusa. Nani humlaza mtoto kwenye maranda ya mbao? Nikamkatiza: "Niachie mimi. Nimelea wanne."

Jumamosi nikapeleka mzigo mwenyewe, na bosi nikamburuta aje aone kazi yangu. Zulia la waridi, godoro, mto, shuka za vipepeo na, kwa huruma yangu, furushi la nepi.

Anwani ikatutoa mjini hadi shambani. Mzee akatupeleka kwenye mlango mkubwa wa mbao, nami nikainama, nikaita kwa sauti ya kubembeleza, "Rani, kipenzi, njoo uone!"

Akachungulia farasi jike mweusi. Akanusa vipepeo, kisha akaung'ata mto.

Bosi akanitazama. Mzee akayatazama mapaja ya Rani, akalitazama furushi langu.

"Sasa hizo nepi, mama, utamvalisha wewe?"