Akina mama wa kwaya walivyokariri majibu ya utafiti wangu wa PhD hapa Buffalo

Wakuu, habari za humu ndani.

Leo nimekuja na la kwangu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mkiona sehemu naringa, nivumilieni. Nina sababu.

Mimi ni mdada wa Kasulu, Kigoma. Nilikuja Buffalo, jimbo la New York, kusoma PhD ya saikolojia.

Wale mnaodhani saikolojia ni kusoma mawazo ya watu, poleni. Kazi yetu kubwa ni kuuliza, kuandika, kuchambua, halafu kuuliza tena. Shangazi yangu mpaka leo anawaambia majirani nasomea uwendawazimu.

Utafiti wangu ulihusu usingizi na mawazo ya akina mama wa Kongo walioletwa Marekani kama wakimbizi. Hapa wapo wengi, hasa mitaa ya East Side.

Mlango wangu wa kuingilia ulikuwa Mama Furaha. Tulikutana dukani Grant Street, wote tumeshika mfuko mmoja wa dagaa, wa mwisho. Akaniachia, halafu akaniuliza nasali wapi.

Mama Furaha ni kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Kazini anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Haikupita muda nikawa mtu wa sebuleni kwake, nakula sombe, kisamvu chao, na wanakwaya wenzake wananiita "mtoto yetu".

Nikawaomba washiriki kwenye utafiti. Wakakubali wote, bila hata kuniuliza ni wa nini.

Sasa sikilizeni utaratibu wa idara. Mshiriki anakuja chuoni, anaingia chumba kidogo, ni yeye na mimi tu, mlango unafungwa. Maswali yaleyale kwa kila mtu. Baadhi yanarudi mbele kwa sura nyingine, kupima kama mtu anajibu kwa makini.

Kamati ya maadili haikuruhusu kurekodi sauti, kwa ajili ya kuwalinda. Nilikuwa naandika kwa mkono. Na niliwaahidi kwamba majina yao hatayajua mtu yeyote, hata profesa wangu.

Wakaja. Wamependeza, vitenge vimepigwa pasi, utadhani wanaenda kumtoa bibi harusi.

Namuuliza wa kwanza, mama, unalala vizuri?

"Ninalala muzuri, namushukuru Mungu. Kitu inanisumbuaka ni baridi tu."

Wa pili akaja. Analala muzuri, anamushukuru Mungu, kitu inamusumbuaka ni baridi tu.

Wa tatu hivyohivyo. Mpaka wa mwisho. Hata pale pa kupumua kabla ya kutaja baridi walipumua pamoja, ingawa kila mmoja alikuja siku yake.

Nilishangaa, lakini nitamwambiaje mtu mzima kwamba halali vizuri? Nikaandika nilichoambiwa, nikapeleka.

Profesa wangu nitamwita Bi Ellen. Mama mtaratibu, hajawahi kunipandishia sauti. Siku ile aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza polepole kama kweli niliwahoji hao wanawake wote.



Kwenye academia kupika data ni kosa lisilo na msamaha. Ukithibitika umepika, unafukuzwa, viza inakufa, unarudi Kasulu na jina bovu mbele ya shangazi aliyekwisha kutangaza mji mzima. Na ningejiteteaje? Sauti hakuna. Nikitaja majina navunja ahadi yangu. Nisipotaja, mimi ni tapeli.

Bi Ellen akasema hana jinsi, suala lazima lifike kwa mkuu wa idara. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira, sikumuaga hata mtu wa mapokezi.

Miguu ikanipeleka kwa Mama Furaha. Sikwenda kumuuliza kitu, nilitaka chai tu. Alipofungua mlango nikaangua kilio palepale kizingitini.

Binti yake, Esther, akasema, "Mom, she's crying."

"Ninaona. Leta chai."

Nikamweleza kwamba chuoni wanaona nimetunga majibu mwenyewe, kwa sababu yote yanafanana.

Mama Furaha akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Inafanana? Bon! Si njo tulikuwa tunatafuta?"

Ndipo akanieleza. Baada ya mazoezi ya kwaya walikaa jikoni kanisani, wakapanga.

Kambini, kabla ya kuletwa Marekani, kila familia ilikuwa inaitwa kuhojiwa. Mmoja mmoja, mlango umefungwa, mtu anaandika, na maswali yanarudi. Baba akisema hivi na mama akisema vile, faili linakataliwa na safari imekufa. Kuna watu walikaa kambini miaka mingi kwa sababu mume na mke walitofautiana juu ya siku waliyokimbia.

"Kama maneno haifanane, banakatalaka dosie," alisema. "Na ile maswali yenye inarudia, ni mutego. Donc tukasema, mtoto yetu asianguke juu ya kosa yetu. Tukakariri. Mama Neema alikuwa anasahausahau, tukamurudilisha mpaka akashika. Tena tulikuombea."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Watu wazima wametoka kazini wamechoka, wakakaa jikoni kukaririshana ili mimi nifaulu!

Baadaye kidogo nikamuuliza, na kulala, mama? Kweli unalala?

Akazungusha kikombe chake.

"Silalaka," alisema. "Lakini hiyo haikukuwa ya dosie."



Siku chache baadaye akanipigia. Kwaya imeamua kuja chuoni. Nikakataa, nikamkumbusha niliapa kuficha majina yao.

"Ile siri ni yako ao ni yetu?"

"Ni yenu, mama."

"Bon. Sisi wenyewe tunaifungua."

Wakaja na gari la kanisa. Bi Ellen alikuwa ametafuta mkalimani mwingine, kaka mmoja wa Kenya kutoka idara nyingine, nisije nikatafsiri kwa kujipendelea. Mimi nikaambiwa nisubiri korido.

Bi Ellen akaomba waingie mmoja mmoja. Mama Furaha akasimama mlangoni.

"Hapana. Moja moja njo ilileta hii shida."

Wakaingia wote, viti havikutosha.

Nilikaa pale koridoni, simu iko mkononi nimeishika kichwa chini.  Kwanza sauti ya Mama Furaha peke yake. Halafu wakacheka, nadhani walifika kwa Mama Neema. Halafu nikasikia mtu analia, na wengine wakimbembeleza kwa kuimba chinichini.

Mkenya ndiye aliyetoka kwanza, anafuta miwani.

"Wueh! Siste, relax. Hao wamama wame-explain everything. Alafu wakaanza kusema vile hawalalangi, mmoja anaanza, mwingine anamalizia. Prof amesahau hata kuandika."

Bi Ellen akatoka, macho mekundu. Akaniomba radhi mbele yao wote, akaahidi kumwambia mkuu wa idara kwamba sikupika chochote. Akasema sasa ndiyo nina utafiti.

Tukarudi kwenye kamati ya maadili na mpango mpya: mazungumzo ya pamoja, nyumbani kwao, baada ya kula, mlango wazi. Swali langu nalo likabadilika. Mtu ambaye maisha yake yaliwahi kuamuliwa na usaili, ukimhoji leo anasikia nini? Maana hata ukimuuliza kuhusu usingizi, yeye yuko kambini analinda familia.

Nilienda kuuwasilisha utafiti huo kwenye mkutano wa watafiti Columbus, Ohio. Nililala Clintonville, mtaa wa hukohuko, kwa rafiki yangu, nikafanya mazoezi mbele ya paka wake, paka akaondoka katikati. Ukumbini hakuondoka mtu. Mtafiti mmoja mwenye mvi alikiri hadharani kwamba amewahi kupata majibu ya wakimbizi yaliyofanana, akayatupa akidhani ni takataka.

Mdogo wake Mama Furaha yuko Louisville, Kentucky, naye ni wa kwaya ya huko. Wakaniita niende huko pia. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Tujibu ya kufanana, ao kila moja yake?" Nikamwambia kila mmoja yake, mama, nakuomba.

Siku ya kutetea tasnifu, mstari mzima wa nyuma ulikuwa kitenge kimoja, cha bluu. Nilijibu maswali yote. Wakuu, nilijibu, sitanii.

Desturi yao, ukimaliza unatolewa nje peke yako, wazee wa kamati ya tasnifu wanabaki kukujadili. Mwenyekiti akanionyesha mlango. Nikasimama, na mstari wa nyuma wote ukasimama. Mwenyekiti akawaambia kwa upole wanaweza kukaa, anayetoka ni mtahiniwa tu. Esther akatafsiri. Mama Furaha akatikisa kichwa, akachukua mkoba wake.

Tukatoka wote. Korido ileile.

Mlango ulipofunguliwa Bi Ellen akaniita "Doctor". Sikuwahi kujibu, maana Mama Furaha alishapiga kigelegele mpaka madarasa ya jirani yakafungua milango.

"Dosie yetu imepita!"

Yetu. Ndiyo maana naringa, sikupita peke yangu.

Nilichojifunza: mtu akikujibu jibu lililonyooka mno, usikimbilie kumwita mwongo. Jiulize anamlinda nani. Mimi nililindwa na watu ambao wenyewe hawakuwa wanalala.

Juzi nilimuuliza tena Mama Furaha kuhusu usingizi. Akasema siku zingine anapata, siku zingine unamkataa, na baridi ya Buffalo wala haina neno. Ni jibu lake mwenyewe, halifanani na la mtu.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu ameshawahi kufunzwa majibu kabla ya usaili, au kumfunza mwenzake? Lakini andikeni kwa adabu, Esther anamsomea mama yake kila comment.