Shemeji Kabla ya Barakoa

Siku hizi filamu ikianza katika banda la video lililo nyuma ya mashine ya kusaga, hakuna anayetuambia kinachosemwa. Vyombo vya angani vinatua, majeshi yanaungua, mtu mzima anamshika mwenzake mabega na kumwambia maneno marefu huku machozi yakimtoka, nasi kwenye mabenchi tunatazamana. Analia nini? Kafiwa, au kapigwa? Kiti kilicho kando ya runinga hakijapata mtu. Mwenye banda, mjane ambaye hata salamu huitoa kama amri, amewajaribu wawili. Wa kwanza alitafsiri kwa uaminifu mpaka watu wakasinzia. Wa pili alivicheka vichekesho vyake kabla hajavisema.

Aliyekuwa akikikalia kiti hicho tulimwita Kipaza. Siku za kazi alitengeneza majokofu kwenye kibaraza cha nyumba yake, amelala kifudifudi kichwa kikiwa ndani ya mashine, akizungumza nayo. Jumapili alasiri alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akaja bandani kushika kipaza sauti na kuzitia filamu za kigeni maneno ya kwetu. Kusema alizitafsiri ni kumsifu kwa asilolifanya. Lugha ya wale watu aliijua nusu. Nusu ya pili aliitoa kichwani, na hiyo ndiyo tuliyoifuata.

Alikuwa na sheria moja, na kwa sheria hiyo alikuwa mkali kuliko hakimu: mdomo ukionekana umefungwa, usiusemee. Sikio unaweza kulidanganya, alituambia, lakini jicho halina masihara. Mtu akigeuka tu, hapo Kipaza alikuwa huru. Kisogo alikiita shamba lisilo na mwenyewe. Mwigizaji akitupa mgongo kwa pumzi mbili, Kipaza alikuwa ameshampandia ukoo, madeni ya mapenzi na ugonjwa wa tumbo.

Ndiyo sababu tulizipenda mno zile filamu tatu za falme za angani. Adui mkuu humo huvaa barakoa ya shaba tangu anapoingia mpaka anapokufa, hivyo mdomo wake hauonekani kamwe. Kwa Kipaza lile lilikuwa bonde lenye rutuba. Alimpa adui yule kikohozi, methali, na kinyongo na wakwe zake. Sisi tulimwita Shemeji, kwa kuwa amemwoa dada wa shujaa, na aliyeoa kwenu hata akichoma sayari nzima bado ni shemeji. "Shemeji, wahurumie watoto!" akina mama walimpigia kelele kila alipoinua upanga wake wa moto. Tulizitazama filamu hizo hadi picha ikaanza kukwaruza.

Kisha zikaja tatu nyingine, zilizotengenezwa baadaye kueleza ya kabla: ujana wa Shemeji, ndoa yake, na jinsi alivyoharibika. Banda lilijaa hadi mlangoni. Na humo ndani tukamkuta kijana wa uso mkavu, hana barakoa, analalamika mbele ya baraza la wazee kuhusu mipaka ya miezi inayozunguka sayari.

"Huyu ndiye Shemeji wetu?" aliuliza kinyozi, ambaye hukaa benchi la mbele na huzijua filamu hizo kuliko vichwa anavyonyoa. "Huyu hata kuku hamkimbii."

"Na dada yetu kapewa maneno manne tu," alisema muuza mboga. "Kazi yake kubadilisha magauni."

Tukakubaliana, bila kikao wala mwenyekiti, kwamba waliotengeneza wamekosea na ni juu yetu kurekebisha. Filamu mbili za mwanzo zilirudiwa, na kila Jumapili Kipaza alileta habari mpya ya ujana wa Shemeji, nasi tulimpinga na kumshauri kwa sauti. Kinyozi alitaka Shemeji awe amelogwa. Muuza mboga alitaka malkia, yaani dada yetu, apewe jeshi lake. Kipaza alihangaika, maana picha haibadiliki. Yeye alikuwa na maneno tu, na midomo ya vijana wale ilikuwa wazi mbele ya macho yetu kama madirisha.

Lakini mwezi ule Kipaza alikuwa na shida nyumbani. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amehama. Dada yake alikuwa amempatia chumba cha kushonea katika mji wenye soko kubwa, naye kabla ya kuhama alimsihi mumewe waende pamoja.

"Majokofu yanaharibika kila mahali," alimwambia.

"Na watu wangu wa Jumapili, niwaachie nani?"

Basi mke akapakia cherehani, akaenda peke yake. Kipaza akabaki na kibaraza chake, akimweleza kila mteja kwamba ameachwa. Alimtaka mkewe arudi. Hilo tulilijua wote. Kumfuata hakutaka kusikia.

Ndipo habari ya Shemeji ilipoanza kupinda. Jumapili moja tuliambiwa kwamba malkia ameihama ikulu kwa tamaa ya sayari yenye soko. Jumapili iliyofuata, Shemeji alikuwa mume mpole anayejipikia mwenyewe. Akijifulia mwenyewe. Vita vyote vya angani, kumbe, vilitokana na shati kukosa kifungo.

"Kipaza," alisema muuza mboga, "mbona makosa yote ni ya dada?"

"Mimi nasema ilivyo kwenye picha, mama."

"Picha ipi? Hapo naona farasi."

Banda likacheka, lakini Kipaza hakucheka. Kinyozi alinong'ona kwamba kwa mwendo huu Shemeji ataingia kwenye barakoa akiwa malaika, na tutashindwa kumwogopa katika filamu zile za kwanza. Mzaha, lakini ulikuwa na ukweli: Kipaza alikuwa anatuharibia adui tunayempenda ili apate kujitetea.

Siku ya filamu ya tatu, ile ya mwisho, fundi cherehani aliingia bandani taa zikiwa zimeshazimwa. Alikuwa amerudi kwetu kuchukua pasi yake ya nguo. Alikaa benchi la nyuma, pasi magotini. Tuliomwona tulikohoa. Kipaza hakumwona.

Filamu ikaenda mpaka pale malkia anapoaga. Ni kipande kirefu. Malkia amesimama dirishani, ametupa kisogo, anasema na kusema. Shemeji yuko upande wetu, uso mzima waonekana, midomo imebanwa, chozi linamshuka. Kisogo kirefu kama hicho Kipaza alikuwa akikisubiri tangu filamu ya kwanza. Akavuta pumzi.

"Nilikuambia mapema," sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma. "Nilikuambia ukiwa unakula, nikakuambia ukiwa unavaa shati. Kila nikifika katikati, sentensi unaimalizia wewe."

Vichwa viligeuka, kisha vikarudi upesi kwenye runinga, kwa sababu sauti ile ilikikaa kisogo kile vizuri mno.

"Haya, dada, sema!" alihimiza muuza mboga.

"Eti natafuta soko. Ndiyo, nalitafuta! Nashona nguo, nimwuzie nani, nyota?" Watu walicheka, sauti ikasubiri wamalize. "Lakini cherehani nimeiweka upande mmoja wa chumba. Upande wa pili niliuacha kwa ajili ya vifaa vyako. Hujaniuliza hata siku moja kipo wapi chumba chenyewe, wala kama kina dirisha. Miye leo nimekuja kuchukua pasi. Kesho asubuhi narudi, na ule upande nitampa mtu mwingine."

Kipaza alifungua mdomo. Shingo ilikuwa imemvimba kwa majibu.

"Kafunga mdomo!" kinyozi alimrukia, kidole kikielekea kwa Shemeji. "Mtazame, kafunga! Sheria ni sheria."

Na kweli, midomo ya Shemeji haikufunguka. Kamera ilimkazia macho, malkia akaendelea kumpa kisogo, na Kipaza, aliyekuwa amewasemea wafalme, mazimwi na mashine, akalazimika kukaa kimya mkewe akimaliza. Mwanga wa runinga ulimpiga usoni. Nadhani alikuwa hajawahi kukaa hivyo nyumbani kwake. Mikono ilikuwa inazungusha waya wa kipaza sauti, na alikuwa anasikiliza.

Malkia akaondoka. Chombo chake kikapaa. Kisha tukafika pale ambapo filamu zote tatu zilikuwa zinapaelekea: Shemeji anachukua barakoa ya shaba na kuivaa. Mdomo ukatoweka. Sheria ikaisha. Sasa Kipaza angeweza kusema lolote, tena kwa muda mrefu, na sisi tulijikaza kwenye mabenchi tukisubiri kesi nzima isikilizwe upya.

Alisogeza kipaza sauti mdomoni. Akakohoa kile kikohozi cha Shemeji tulichokizoea.

"Dirisha," alisema, "linatazama wapi?"

Vichwa vikageuka tena nyuma.

"Barabarani," alijibu mkewe.

"Jua linaingia?"

"Asubuhi."

"Jamani," mwenye banda alifoka kutoka mlangoni, "malkia ameshapaa, huyo anajibu kutoka wapi?"

"Simu!" alisema kinyozi, na banda likalipuka kwa kicheko, na maneno ya mwisho ya filamu ile hatukuyasikia kabisa. Muuza mboga hushikilia kwamba ndiyo sababu halisi ya barakoa: Shemeji alichelewa kuuliza, akaona haya kuonyesha uso. Hatujapata maelezo mengine yanayoyapita hayo, na waliotengeneza filamu wakitaka wanaweza kuja kuyachukua.

Walitoka pamoja, Kipaza amebeba pasi. Asubuhi hakuondoka naye. Alikuwa na majokofu ya watu mikononi, na mkewe alimwambia amalize kwanza. Alipoyamaliza alimrudishia mwenye banda kipaza sauti kikiwa kimefungwa kitambaa, akasimama kusikiliza matusi yake mpaka mwisho bila kumkatiza.

Kipaza sasa yuko katika ule mji wenye soko kubwa, ghorofa ya kwanza juu ya duka la rangi, na anatengeneza majokofu.