Mapanga ya Nikeli Yaliyorudi Kazini

Bado naikumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, nilipokemewa kwa upole na kemeo lile likanijenga. Nilikuwa mhandisi mchanga wa metali katika karakana moja huko Mavoko, msichana wa kijiji cha Kola niliyekulia kwenye shamba la mbaazi na mahindi.

Kiwanda cha nguo alikofanya kazi mama yangu kilituletea mapanga ya tabaini, yaani bapa zinazozunguka ndani ya ule mtambo uliokipa stima. Yalikuwa ya aloi ya nikeli, inayovumilia moto ambao ungelegeza chuma cha kawaida. Machache yalikuwa yamepasuka, na mtambo ukasimama. Mapya yangetoka ng'ambo baada ya miezi mingi, na meneja alisema hawezi kungoja muda huo, angefunga kiwanda.

Nilikata kipande cha panga lililopasuka, nikakisugua hadi kikang'aa, nikakipaka tindikali, nikakitazama kwa hadubini. Katika aloi hiyo, kaboni huungana na kromi na metali nyingine na kuwa punje ngumu ziitwazo kabaidi. Punje hizo zikikaa mbalimbali kwenye mipaka ya fuwele, zile chembe zinazounda metali, mipaka haitelezi. Lakini joto la miaka lilikuwa limezivunja kabaidi za zamani, kaboni yake ikahamia mipakani na kujenga utando mmoja usiokatika. Utando wa namna hiyo hupasuka kama kigae.

"Haya yamekufa, hata yasiyopasuka," nikamwambia mkuu wangu, Daktari Nduku, mama mtulivu aliyezeekea kazi hiyo. "Tumwambie meneja ayatupe."

Akainama kwenye hadubini, akakitazama kipande. "Mwiitu wakwa," akasema, yaani binti yangu, "ugonjwa umeuona vizuri. Mbona unachimba kaburi kabla ya kutafuta dawa? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Maneno yakaniuma, kisha yakaniamsha.

Yaliyopasuka tuliyaweka kando, maana hayakuwa na tiba. Kiwanda kilikuwa na mengine ya akiba ya kujaza nafasi zake. Yaliyobaki mazima tukayatia kwenye tanuri lisilo na hewa, moto mkali hadi ule utando ukayeyukia ndani ya aloi. Kisha tukapunguza joto, tukayaacha yakae, ili kabaidi zizaliwe upya polepole.

Meneja akaja akihema. "Mama Daktari, yatoeni tu. Watu wangu wamekaa nyumbani wananingoja."

Nduku akanigeukia mimi nijibu.

"Hapana, mzee," nikasema. "Tukiyatoa sasa yatavunjika, na watu wako watakuwa kando yake. Wacha yaive."

Akanuna, lakini akangoja. Yalipoiva tukakata kipande kutoka panga moja, tukakitazama kwa hadubini, na loo, zilikuwa pale, punje moja moja zimejipanga mpakani! Tukakining'inizia uzito ndani ya joto, nacho kikavumilia.

Siku mtambo ulipowashwa, mngurumo wake ulifika hadi barabarani. Akina mama wa kiwandani wakapiga vigelegele, na mama yangu akanishika mkono mbele ya wote. "Huyu ni wangu," akawaambia. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Basi nakuusia, mwanangu: usihukumu kwamba kitu kimekufa kwa sababu umejua kinachokiumiza. Tafuta dawa kwanza. Na ukiipata, usikubali mtu mwenye haraka aikatize, hata akiwa mkubwa wako. Mvumilivu hula mbivu.

Mungu aiongoze mikono yako, akupe jicho la kuona na moyo wa kungoja, na siku moja mama yako asimame mbele ya watu aseme wewe ni wake.